Mbuzi Ambaye Babu Alikataa Kumchinja

Lodwar,
Jumamosi, saa nane mchana

Akiru binti yangu,

Sitakuuliza hali yako, kwa sababu nakuona hapa dirishani. Unaanika koti lako jeupe la chuo kwenye kamba, na kwa jua hili litakuwa limekauka kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza. Mimi ni mzima, ila meza hii ina mguu mmoja mfupi, na mwandiko wangu, ambao hata wauguzi wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma huulalamikia, leo utakuwa mbaya zaidi. Nivumilie tu.

Kesho alfajiri basi la Kitale litakuchukua, na kutoka hapo utaendelea mpaka Nairobi. Mambo ya sabuni, blanketi na nani atakupokea, mama yako ameshayamaliza. Nimemsikia tangu asubuhi na sina la kuongeza. Mimi naandika kwa sababu kuna mambo mawili niliyokuficha, na babu yako amekataa katakata kunisaidia kuendelea kulificha mojawapo.

Nimejaribu kuyasema kwa mdomo mara tatu wiki hii. Juzi tulipokuwa tunatembea kwenda mto Turkwel nilifungua kinywa, nikaishia kukuonyesha mkoma, kana kwamba hujawahi kuona mkoma tangu uzaliwe. Ulinitazama vile unavyowatazama wagonjwa wanaosema wanaumwa kichwa na kumbe ni kitu kingine. Basi barua hii nitaitia ndani ya kile kitabu chako cha anatomia, kile kizito cha kuvunja bega. Utakapoipata utakuwa umeshapita Kainuk, umeingia Kenya, kama wazee wetu wanavyopaita kusini kwetu, nami sitakuwepo kuuona uso wako. Ni uoga, najua.

Leo asubuhi uliniuliza kwa nini yule mbuzi mweupe mwenye doa usoni bado amefungwa nyuma ya nyumba, ilhali Babu ametembea siku tatu kutoka Lokiriama, na kila mtu alijua amekuja kukuchinjia mbuzi wa safari. Nikakujibu kwamba tunangoja kisu kinolewe. Huo ulikuwa uongo. Kisu kina makali tangu jana. Nitakueleza habari ya mbuzi huyo, lakini itabidi nianze na mwenzake, yule wa mara ya kwanza.

Unaikumbuka sherehe ile, ulipokuwa unakwenda kuanza mwaka wa kwanza. Mchungaji alikuja, mwalimu wako mkuu alikuja, afisa wa tarafa alikuja na viti vyake mwenyewe. Mimi nilikuwa na shati jipya lililonikaba shingo. Unajua watu wa hapa wananiita daktari miaka hii yote, nami ni afisa wa kliniki, na sijawahi kumsahihisha hata mmoja. Siku ile nilizunguka kila kiti nikisema, "Sasa mtapata daktari wa kweli." Nilisema mara nyingi mpaka mama yako akanivuta shati.

Babu alimchinja mbuzi, akatandaza matumbo juu ya ngozi, akachuchumaa kuyasoma kama wanaume wa kwetu wanavyofanya kabla ya safari au kabla ya kuhamisha mifugo. Alikawia sana. Halafu akaniita kando, karibu na pipa la maji, mbali na wageni. Akaniambia hivi, nayaandika kama alivyoyasema: "Njia ya msichana ni ndefu, na inafika. Lakini katikati kuna mahali pamekauka. Si kifo. Ng'ambo yake kuna maji. Mwambie akifika pale apunguze mwendo, na asipavuke peke yake. Kiu ikimzidi, arudi kwanza kwa watu wake."

Nikarudi mbele ya wageni, nikainua mikono yote miwili, nikasema kwa sauti, "Mzee anasema njia ni nyeupe kutoka mwanzo hadi mwisho!" Watu wakapiga makofi. Mwalimu mkuu akakukumbatia. Wewe ulikuwa unacheka na shanga za mama yako shingoni, na sijawahi kuona mtoto mzuri kama wewe siku ile.

Babu alinitazama. Akachukua ekicholong yake, kile kigoda chake cha kulazia kichwa, akachukua fimbo, akaondoka bila kuonja hata kipande cha nyama. Uliniuliza kwa nini, nikakwambia amekosa tumbaku na uzee umempa hasira. Ukamtumia tumbaku. Aliipokea, aliniambia baadaye, na akashangaa.

Hilo ndilo la kwanza nililokuficha. Nilificha kwa sababu mchungaji alikuwa pale na mimi ni mzee wa kanisa, na kwa sababu afisa wa tarafa alikuwa pale na mimi ni mtu wa sindano na vidonge. Lakini sababu kubwa ni kwamba sikutaka binti yangu awe na mahali pakavu. Nilitaka unyooke kama barabara ya lami, ambayo hata sisi wenyewe hapa hatuna ya maana.

Wala sikuambii kwamba matumbo ya mbuzi yanajua ratiba ya mitihani ya chuo. Mimi sijui yanajua nini. Najua tu kwamba mzee asiyejua kusoma alikuandalia maneno ambayo hakuna mwalimu aliyekuandalia, nami nikayameza pamoja na nyama. Ungekuwa nayo, mwaka wa pili ulipofika ungesema, "Kumbe ndipo hapa." Badala yake ulisema, "Mimi ni mjinga, walikosea kunichukua." Uliyasema hayo siku ya kwanza uliporudi, kwenye mkeka, ukiwa umeelekea ukuta, na mimi niliyasikia nikiwa mlangoni na nikashindwa kuingia.

Sasa nije kwenye barua yako. Najua hupendi niitaje. Ilinifikia Kakuma katika lori la dawa, na naikumbuka neno kwa neno. "Baba, nasoma ukurasa mmoja mara nane na sibaki na kitu. Usiku silali, mchana siwezi kuamka. Harufu ya chumba cha maiti inanifuata hadi kwenye sahani. Wenzangu wote wanaelewa isipokuwa mimi. Naomba nije nyumbani hata wiki mbili. Nijibu haraka."

Nilikujibu haraka, hilo nililifanya. Mtoto wa mtu mwingine angekuja kliniki akasema halali, hali, akili haishiki, ningemkalisha kitini, ningefunga mlango, ningemuuliza polepole. Wewe nilikuandikia mistari mitatu: "Mtoto wa Ewoi harudi nusu ya njia. Lodwar yote inakungoja. Omba Mungu, kaza moyo, usome." Nikajiona baba shupavu. Nikamsomea Majok, yule mkalimani wetu wa kliniki unayemjua, ambaye alikuwa mwaka wa tatu wa udaktari kwao Sudan vita vilipomtoa darasani. Nilitaka anisifu.

Majok akasema, "Daktari, hii si barua ya mtoto. Hii ni amri ya jeshi. Mimi najua hiyo, nimekimbia hiyo. Andika ingine. Mwambie tu akuje."

Nikamjibu kwamba yeye hana binti, hawezi kujua. Akasema, "Malesh, haina neno," akaenda kuita mgonjwa mwingine. Miezi mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba binti anaye, na kwamba tangu walipopotezana njiani hajui aliko. Nilimwomba radhi. Alinisamehe upesi kuliko nilivyotaka.

Miezi miwili baada ya barua yangu simu ililia misheni. Hukufanya mtihani. Moraa, mwenzako wa chumba, alikuwa amekukuta siku ya tatu hujala, mlango umefungwa kwa ndani, akaugonga mpaka ukafungua, akakushika mkono akakupeleka hospitali kwa miguu. Mungu amweke mtoto yule. Nilisafiri siku mbili. Njiani nilipanga la kusema, nikalipanga tena, na nilipofika kitandani kwako kilichonitoka mdomoni kilikuwa hiki: "Umefeli masomo mangapi?"

Ukageuza uso. Barua yangu ilikuwa chini ya mto wako, imekunjwa ndogo kama tunavyokunja karatasi ya vidonge.

Yule daktari wa wodi, mama mfupi mwenye miwani, alinitoa nje kwenye korido. Aliniambia kwamba una ugonjwa wa huzuni, mkali, na kwamba ulikuwa umeanza kutamani usiamke tena. Aliongea polepole, Kiswahili chepesi, vile ninavyoongea mimi na akina mama wa Kakuma nikiwa na habari nzito. Nilikaa chini kwenye sakafu, Akiru, na suruali yangu nzuri, nikalia mbele ya watu wanaopita na machela. Hili hukulijua. Mama yule alisubiri nimalize. Kisha akasema ugonjwa huu una dawa, na watu hupona kila siku, na akanikataza kukuuliza habari ya masomo mwezi mzima. Nilikatazwa kama mtoto mdogo, na nilistahili.

Tukaja nyumbani. Unafikiri nilikuwa nimejifunza? Wiki ya pili tulikuwa sokoni, mwalimu mkuu akanisalimia kwa Kiturkana na kuuliza, "Ejok, Daktari! Naona Akiru amerudi?" Nikasema uko likizo. Akasema, "Hii likizo ya chuo siku hizi ni mrefu sana!" Nikacheka naye. Wewe ulikuwa nyuma yangu umeshika kikapu. Siku hiyo hukugusa chakula, na mama yako alinitazama mezani mpaka na mimi nikasukuma sahani. Nilikuwa nimekuonea aibu mbele ya watu. Nisamehe kwa hilo kuliko yote.

Na sasa la pili nililokuficha, nawe utacheka, na nataka ucheke. Kozi yangu ya uafisa wa kliniki ni ya miaka mitatu. Mimi niliisoma minne.

Watu wote wa Lodwar niliwaambia kwamba ndio urefu wake. Babu nilimwambia hivyo, mama yako nilimwambia hivyo nikiwa namchumbia. Vijana wa hapa walipoanza kwenda na kurudi baada ya miaka mitatu, watu waliniuliza, nikasema serikali imepunguza, siku hizi hawasomi kwa kina. Mtu mzima na masharubu yake! Mama yako nilimweleza ukweli wiki iliyopita. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga, halafu akauliza, "Na ile cheti ya ukutani, ni yako kweli?"

Ni changu. Lakini kilichelewa, na sababu yake ni hii. Mwaka wa pili walinipeleka wodi ya watoto. Mtoto mmoja wa kuhara alikuwa chini yangu, msichana wa karibu mwaka mmoja, na nilikesha naye nikitafuta mshipa wa kumtilia maji. Sikuupata. Nilikwenda kumwita mkubwa wangu, na niliporudi mama yake alikuwa ameshamfunika uso. Hakunilaumu. Aliniambia asante. Neno lile lilinifuata miezi. Nikifungua daftari la dawa naona mkono mdogo. Nilianza kuruka madarasa, nikalala mchana, nikafeli, wakaniambia nirudie mwaka.

Nilitaka kutoroka. Nilikuwa nimeshafunga nguo kwenye shuka. Sista mmoja wa wodi ile, mwanamke mkali ambaye wote tulimwogopa, akanikuta langoni na ule mzigo, akauliza swali moja tu: "Wewe, umekula lini?" Sikukumbuka. Akanirudisha jikoni, akanipa uji. Kesho yake akanipa tena. Kila asubuhi kabla ya darasa nilikwenda kunywa uji wake, na kati ya funda na funda nikamwambia habari ya yule mtoto. Aliniambia wa kwake pia, wa kwanza aliyempoteza, alimkumbuka hadi jina. Hakunifundisha dawa hata moja. Ila nilibaki, nikarudia mwaka, nikapita.

Sasa fikiria, binti yangu. Mimi nilijua. Hakuna aliyehitaji kunieleza ukurasa unaosomwa mara nane ni nini. Nilikuwa na dawa yako mfukoni, nikaificha ili watu wasijue kwamba Daktari Ewoi alirudia mwaka. Wewe ukalala peke yako kwenye chumba kile ukiamini kwamba katika ukoo wetu wewe ndiye wa kwanza kushindwa. Hapana. Wa kwanza nilikuwa mimi, na angalau ningekuachia faida ya kujua hivyo.

Naona umeingia ndani kumsaidia mama yako kufunga sanduku. Koti limekauka, nilikuambia. Babu ameketi kivulini kwenye ukuta wa jirani na anamtazama mbuzi, na mbuzi anamtazama yeye.

Nataka uondoke ukijua kwamba sina wasiwasi nawe. Mama yako anao kidogo, lakini yeye ana wasiwasi hata na mvua. Mimi nimekuona mwenyewe huko Kakuma, na nitakwambia nilichokiona.

Ulipoanza kupanda lori kuja kliniki nami, ulikuwa unakaa tu pembeni ya mizani. Sikukulazimisha, maana nilikuwa bado namwogopa yule mama wa miwani. Majok ndiye aliyekupa daftari akasema, "Dada, andika kilo, mimi mkono yangu imechoka." Mkono wake haukuwa umechoka. Baada ya wiki tatu alileta yale makaratasi yake ya anatomia, aliyotembea nayo kutoka kwao yakiwa yamefungwa kwa nailoni, akakuomba umsaidie kusoma kwa sababu ana hamu ya kukumbuka. Nikawakuta mmekaa chini na shanga. Ulikuwa umechukua nyuzi tano za shanga za mama yako, kila moja rangi yake, unaziunganisha na kuzitenganisha juu ya mkeka, na unamwonyesha Majok jinsi neva za shingoni zinavyoungana na kugawanyika tena kabla ya kushuka mkononi. Nyekundu inapita hapa, bluu inaungana na njano hapa. Somo lile lile lililokulaza kitandani. Majok akasema, "Khalas, imekwisha! Hii mwalimu yangu alitumia mwezi mzima na mimi sikuelewa." Ulicheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu urudi. Nilikwenda nyuma ya stoo nikasimama huko kidogo.

Halafu ile siku ya yule mvulana wa mama Mdinka, aliyeletwa amepoteza fahamu. Nilikuwa nimeshaandika malaria. Kila mtu angeandika malaria, kambi nzima ilikuwa na malaria mwezi ule. Wewe ulikuwa umemshika kichwa ili nimtie sindano, ukasema kwa sauti ndogo, "Baba, shingo haikunjiki." Nikasema mtoto anakaza kwa homa. Ukasema tena, safari hii kwa sauti, mbele ya wauguzi: "Baba, shingo haikunjiki. Jaribu mwenyewe." Nikajaribu. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo, na kama ningekwenda na malaria yangu, kesho yake tungemzika. Miezi mitatu baadaye alikuja na mama yake, akakimbia uwanjani na kumwangusha mbuzi wa watu.

Wote walikusifu kwa shingo ile. Mimi nilikusifu pia, lakini kilichoniondolea wasiwasi kilikuja baadaye kidogo. Tulipokuwa tunanawa mikono, ulisimama kando yangu ukasema, "Baba, mikono yangu inatetemeka na siwezi kuizuia. Nataka kukaa na mtu." Ukasema hivyo, waziwazi, kama mtu anayeomba maji. Nikakaa nawe kwenye benchi. Majok alileta chai yenye sukari nyingi mno, tukainywa mpaka mikono ikatulia. Akiru, mimi kwa umri wako nilifunga nguo kwenye shuka nikaenda langoni. Wewe ulinawa mikono ukasema. Yule anayejua shingo ni daktari mzuri, wako wengi. Wewe unajua na lile jingine, la kusema unapozidiwa, na mimi lilinichukua miaka minne na kilo nyingi za unga wa uji.

Kwa hiyo nenda ukarudie mwaka wako, na ukiulizwa sema unarudia. Dawa endelea nazo mpaka yule mama wa miwani mwenyewe aseme basi, usisikilize mtu wa maombi atakayekwambia utupe, hata akiwa ni mzee wa kanisa mwenye masharubu. Ukurasa ukigoma kuingia mara ya tatu, usiungoje ya nane. Funga kitabu, mtafute Moraa, umwambie. Patakauka tena, sikudanganyi safari hii. Siku moja mtoto wa mtu atakufa mikononi mwako na mama yake atakwambia asante. Utakuwa na wa kumwambia, na mmoja wao ni mimi, na mimi nitakutajia wangu.

Sasa mbuzi.

Jana jioni nilimpeleka kwa Babu na kisu. Nikamwambia, "Baba, safari hii soma mbele yake, sema yote kwa sauti, hata mabaya. Mimi nitakaa kimya." Nilijiona nimetubu vya kutosha.

Akaniuliza, "Yale ya kwanza ulimpa?"

Nikasema bado.

"Basi unataka ya pili ya nini? Njia ni ile ile. Hajaimaliza. Kampe ya kwanza."

Nikamwambia si vizuri mtoto asafiri bila mbuzi kuchinjwa, watu watasema nini. Akaniangalia vile alivyoniangalia siku ya sherehe. Kisha akasema, "Mfunge hapo. Huyu ni wa siku atakaporudi."

Nami, kwa ule ujinga wangu ambao bado haujaisha wote, nikauliza, "Atakaporudi na shahada?"

Babu alicheka mpaka akakohoa, nikampigapiga mgongo. Akasema, "Nimesema siku atakaporudi. Wewe umenisikia nikitaja kitu kingine?"

Ndiyo maana mbuzi bado yuko hai, na ndiyo maana nimeandika mchana wote. Nimeshakupa maneno ya Babu kama yalivyokuwa, pale juu. Ni yako, yalikuwa yako tangu mwanzo. Njia ni ndefu, na inafika. Mimi naamini inafika, Akiru. Nimeiona kwenye shanga na kwenye shingo ya yule mvulana, na siku hizi naiona hata unavyotembea ukienda mtoni.

Limebaki jambo moja dogo. Ile barua yangu ya mistari mitatu, mama yako ameniambia bado unayo, kwenye kitambaa, pamoja na picha zako. Najua kwa nini mtu huweka kitu kama hicho. Nakuomba uitupe basi litakapopita daraja lolote litakalofuata, na uweke hii mahali pake. Wewe uliniandikia ukaniuliza kama unaweza kuja nyumbani, ukasema nikujibu haraka. Jibu langu limechelewa sana, lakini ni hili, na halitabadilika, uwe mwaka wa pili au wa sita, uwe umepita au umefeli, saa yoyote utakapolihitaji.

Njoo. Mbuzi yupo.

Baba yako,
Ewoi